Siku nilipofunguliwa ufizi, na miezi iliyofuata

Kabla sijajua jambo lolote kuhusu upasuaji wa fizi, nilizijua namba zake. Nilikuwa nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi na taa usoni, naye daktari alikuwa akipitisha kati ya jino na ufizi kichuma chembamba kilichochorwa vistari vya milimita, huku akimtajia msaidizi wake namba bila kuinua macho: tatu, mbili, tatu, tatu, tatu, nne. Msaidizi aliandika. Mimi ni mtu wa hesabu kwa kazi yangu, kwa hiyo sikuweza kujizuia kuzifuatilia, na nilipoanza kuridhika kwamba ni namba ndogo, tukafika kwenye magego ya chini upande wa kushoto, na sauti ya daktari ikapungua kasi: tano, sita, saba. Kalamu ya msaidizi ilisimama.

"Saba?" akauliza.

"Saba," daktari akajibu, "na panatoka damu."

Nimeamua kuandika habari hii kwa sababu, katika mazungumzo ya mtaani kwetu Tabata, jino lina hatima mbili tu, yaani kuzibwa au kung'olewa, na ufizi hautajwi kabisa mpaka siku jino zima lisilo na tundu linapoanza kutikisika. Pia naandika kwa sababu jambo lililonishangaza zaidi katika safari hii halikuwa kisu wala sindano, bali namna kidonda cha mdomoni kinavyoweza kumdanganya mwenye nacho. Kwa juu hufunga upesi mno, na mtu hujiona amepona wakati kazi yenyewe, kule chini, ndiyo kwanza inaanza.

Nianze na hizo namba. Ufizi haukuungana na jino mpaka ukingoni kabisa. Kuzunguka kila jino kuna kijifereji, ambacho kwa mtu mwenye fizi nzima kina kina cha milimita 1 hadi 3. Humo ndimo unamojificha ukoga, ule utando laini wa bakteria tunaouhisi kwa ulimi asubuhi. Ukoga usipoondolewa hunyonya madini yaliyomo katika mate na kugeuka ugaga, kwa namna ileile ambayo maji ya visima vyetu vya chumvi hapa Dar huacha ukoko mgumu ndani ya birika. Ugaga wenyewe ni kama jiwe tu, haung'ati. Ubaya wake ni kwamba umekwaruzika, na bakteria hupata juu yake makazi ambayo mswaki hauwezi kuyavunja. Mwili nao haukai kimya. Huleta damu, joto na askari wake mahali pale, ufizi ukavimba na kuwa mwekundu, na mapigano yakidumu miezi na miaka, silaha za mwili wenyewe huanza kula nyuzinyuzi zinazolishikilia jino na mfupa unaolizunguka. Ndipo kijifereji kinapozama na kuwa mfuko. Mfuko wa milimita 7 haufikiwi na mswaki, wala na uzi wa kusafishia meno, wala na maji ya chumvi ambayo bibi zetu walitusukutulisha kwa nia njema.

Mwaka 1965, huko Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno yao. Wengine fizi zilianza kuvimba baada ya siku 10 tu, na ndani ya wiki tatu wote walikuwa wameathirika; walipoanza tena kupiga mswaki, fizi zao zilirudi katika hali yake kwa muda wa takribani wiki moja. Ninaupenda utafiti huo kwa sababu unaonyesha pande mbili kwa pamoja: uvimbe wa ufizi peke yake ni deni linalolipika lote. Mfupa ukishaliwa, hesabu hubadilika, kwa maana mfupa huo haurudi kwa mswaki.

Mimi nilikuwa nimepita hatua ya deni linalolipika. Kwa miaka miwili nilikuwa nikitema mate mekundu kila asubuhi, nami nikijitibu kwa imani. Kwanza niliamini kwamba damu ya fizi ni upungufu wa vitamini C, nikawa mteja mwaminifu wa machungwa ya Muheza. Imani hiyo ina mzizi wa kweli: mabaharia wa zamani walitokwa na damu kwenye fizi na kung'oka meno kwa ugonjwa wa kiseyeye, na mwaka 1747 James Lind, daktari katika meli ya Uingereza, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, akaona kwamba wale waliopewa machungwa na malimau walipona haraka kuliko wote. Bila vitamini C mwili hauwezi kusuka vizuri kolajeni, ambayo ndiyo kamba ya kila kovu na ya kila ufizi. Hata hivyo, mtu anayekula mapera, maembe na mchicha katika mji huu ana uwezekano mdogo sana wa kuwa na kiseyeye, na damu kwenye mswaki wake karibu mara zote ni ukoga. Machungwa hayaondoi ukoga.

Baada ya machungwa nilikwenda duka la dawa, nikapewa vidonge vya rangi mbili, "umeze kimoja mara tatu, mzee, usaha utakauka". Ulikauka kwa wiki mbili, kisha ukarudi. Hakuna kidonge kinachokwangua ugaga. Mahali pa tatu, ambapo sipataji, nilishauriwa kung'oa magego mawili bila mtu yeyote kupima chochote wala kupiga picha, na sababu niliyopewa ilikuwa umri wangu. Nina miaka hamsini na mbili.

Daktari wa namba, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yangu na ambaye tangu siku ya kwanza ameniita "baba", hakuanza na upasuaji. Alianza na kusafisha kwa kina, upande mmoja wa mdomo kwa siku moja, kwa sindano ya ganzi, akikwangua ugaga chini ya ufizi kwa kuhisi tu, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni bila kutazama. Kisha aliniacha wiki nane. Aliporudia kupima, tano zilikuwa zimeshuka na kuwa tatu, sita zimekuwa nne, lakini ile saba ilikuwa imegoma kwenye sita, na bado ilitoa damu. Hapo ndipo alipotaja neno kufungua.

"Baba, huwezi kufagia uvungu wa kitanda ukiwa umesimama mlangoni," alisema. "Nataka niinue kitanda."

Sijasikia maelezo bora ya upasuaji huu. Watu wengi hudhani kwamba daktari anakwenda kukata kitu kibovu na kukitupa, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa zamani: wapo madaktari walioamini kwamba mfupa uliolika umeoza, wakawa wanakata ufizi na kuuchonga mfupa kwa bidii iliyomwacha mgonjwa na meno marefu kama ya farasi. Mwaka 1918 Leonard Widman wa Uswidi alieleza namna ya kuukata ufizi na kuufunua kama pazia, ili mizizi isafishwe kwa macho, kisha ufizi urudishwe na kushonwa. Mwaka 1974, huko Marekani, Sigurd Ramfjord na Robert Nissle waliipunguza ukali mbinu hiyo, wakashauri ufizi ufunuliwe kidogo tu, kiasi cha kuuona mzizi, na mfupa uachwe kwa kadiri inavyowezekana. Zipo pasuaji nyingine ambazo nitazipita haraka: kuna kukata ufizi uliozidi, jambo linalowapata baadhi ya wanaotumia fenitoini kwa kifafa au nifedipini kwa presha, maana dawa hizo huweza kuukuza ufizi hadi ukafunika meno, na kuna kuchukua kipande cha kaakaa na kukipandikiza mahali ambapo mzizi umebaki uchi. Yangu ilikuwa ya pazia.

Ilichukua kama saa moja. Baada ya ganzi sikusikia maumivu, nilisikia kusukumwa na kuvutwa tu, na ladha ya chuma. Daktari, kwa kuwa aliona kwamba mimi ni mtu wa kuuliza, alinipa kioo cha mkononi katikati ya kazi na kuniambia nitazame kama moyo unaruhusu. Uliruhusu. Nilichokiona sikukitegemea: ufizi ulikuwa umelazwa pembeni, mwekundu na mwembamba, kama upindo wa gauni uliofumuliwa, chini yake mzizi wa gego, na juu ya mzizi huo, mahali ambapo mikwanguo yote ya mwanzo haikufika, ganda jeusi lenye ukubwa usiozidi punje ya mchele. Nilifikiri ugaga ni wa rangi ya njano kama ule wa juu. Ule wa chini ya ufizi huwa wa kahawia au mweusi, na ndio uliokuwa umenilia mfupa kwa miaka.

Aliukwangua mpaka mzizi ukawa laini, akaondoa minofu iliyovimba iliyojaza shimo la mfupa, akaosha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, kisha akaurudisha ufizi mahali pake. Kabla ya kushona na baada ya kushona alifanya kitu kilichonishangaza kwa udogo wake: aliubana ufizi kwa kidole na kitambaa kibichi kwa dakika kadhaa bila kusema neno. Baadaye nilimwuliza sababu. Alisema alikuwa akiminya damu itoke, ili bonge linalobaki kati ya ufizi na mzizi liwe jembamba kama karatasi, kwa sababu bonge nene ni daraja refu ambalo mwili utachelewa kulivuka. Mama yangu alikuwa fundi cherehani Magomeni, na nakumbuka alivyokuwa akibana kitambaa kwa vidole na kukilaza kabla ya kupitisha sindano. Hakupenda kitambaa chenye hewa ndani. Nyuzi zilikuwa nyeusi, za hariri, nne.

Sasa nifike mahali ambapo habari hii inanisisimua zaidi, yaani kupona.

Kidonda chochote, cha goti au cha ufizi, hupita njia moja. Kwanza damu huganda, na ndani ya bonge nyuzi za fibrini husuka wavu. Saa chache baadaye seli nyeupe za damu huingia kwenye wavu huo, za kwanza zikiwa zile za kuua bakteria, zikifuatiwa na zile zinazokula mabaki na kutoa amri za ujenzi. Kisha huja ujenzi wenyewe: mishipa midogo ya damu huota, seli za kusuka kolajeni huanza kazi, na bonge la damu hugeuka nyama mpya nyekundu, laini, inayotoka damu ikiguswa. Mwisho kabisa, kwa wiki na miezi, kolajeni iliyowekwa ovyoovyo huvunjwa na kusukwa upya kwa mpangilio.

Tofauti ya ufizi na goti ni kwamba pembeni mwa ufizi kuna ukuta ambao hauna uhai wa kujiponya, nao ni mzizi wa jino. Kwa upande mmoja wa jeraha kuna nyama yenye damu tele, na kwa upande wa pili kuna kitu kigumu kisicho na mshipa wa damu juu yake. Jambo linalotokea katika ufa huo ni mbio. Wakimbiaji ni wanne: ngozi nyembamba ya juu ya ufizi, nyama ya kolajeni iliyo chini ya ngozi hiyo, seli za mfupa, na seli za zile nyuzinyuzi zinazolishikilia jino. Mwaka 1976 A. H. Melcher alieleza kwamba aina ya uponaji hutegemea ni seli zipi zitakazoufikia mzizi kwanza. Na ngozi ya juu hushinda karibu kila mara, kwa sababu hukimbia nusu milimita hadi milimita moja kwa siku, huku mfupa na nyuzinyuzi zikiwa bado zinafunga viatu. Ikishuka kando ya mzizi hujigandisha hapo, na mfuko hufunga. Hufunga kweli, damu hukoma, na jino laweza kukaa miaka mingi likitunzwa. Ila si kama lilivyoumbwa: ni ngozi iliyoegemea jino, wala si kamba zilizofungwa toka mfupani hadi kwenye mzizi.

Kwa hiyo ile kasi ya kupona, ambayo mtu angeishukuru, ndiyo hasa inayofunga mlango kabla wenye nyumba hawajaingia. Mwaka 1982 Sture Nyman na wenzake walionyesha kwamba ukiweka utando mdogo kati ya ufizi na mzizi, ukaizuia ngozi isishuke, nyuzinyuzi na mfupa hupata nafasi ya kuota upya mahali palipopotea. Kuna pia unga wa mfupa unaojazwa kwenye shimo ili kutunza nafasi. Haya hufaa zaidi pale shimo la mfupa lilipo jembamba na refu, lenye kuta pande zote. Kwangu mimi lilikuwa pana na fupi, na daktari alinieleza wazi kwamba fedha za utando zingekuwa zimekwenda bure. Nilimwamini zaidi kwa kauli hiyo kuliko kwa vyeti vyake vyote vya ukutani.

Nilirudi nyumbani na orodha ya makatazo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu, dakika ishirini kuweka na ishirini kuondoa, siku ya kwanza tu. Nilale na mto wa pili. Nisitumie mrija wala kutema kwa nguvu, jambo ambalo lilimaanisha kwaheri ya madafu kwa muda. Nisipige mswaki sehemu iliyoshonwa, badala yake nisukutue mara mbili kwa siku kwa klorheksidini, dawa chungu kidogo inayoua bakteria kwa niaba ya mswaki. Dawa hiyo huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kuharibu ladha, kiasi kwamba kwa wiki nzima chai ya mke wangu ilikuwa kama maji ya bomba, naye hakulipokea vizuri neno hilo. Pia nilikatazwa kuitumia mara tu baada ya dawa ya meno, kwa sababu sabuni iliyomo kwenye dawa nyingi za meno huizima nguvu. Nusu saa ipite kwanza.

Maumivu yalikuwa ya kawaida, ya paracetamol na ibuprofeni. Uvimbe ulifika kilele siku ya tatu, nikaenda kazini na shavu moja, nikajibu maswali yote ndani ya daladala. Nilikula uji wa ulezi, mtori na ndizi mbivu zilizopondwa, na nilitafuna upande wa kulia. Siku ya pili nilimpigia daktari kumweleza kwamba kuna kitu cheupe juu ya mshono, nikidhani ni usaha. "Hapana, baba, huo ni utandu wa fibrini, ni kama gaga la kidonda, ila mdomoni haliwezi kukauka. Usiuguse." Na hilo lenyewe ni sehemu ya siri ya mdomo. Kidonda cha ngozi hukauka, na seli za ngozi hulazimika kuchimba njia chini ya gaga. Kidonda cha mdomoni huwa kibichi wakati wote, na seli hupita juu kwa raha.

Mate si maji tu. Stanley Cohen, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini, aliigundua protini inayochochea ukuaji wa ngozi katika tezi za mate za panya, na protini ya namna hiyo imo pia katika mate yetu. Zimo vilevile protini nyingine ndogo, histatini, zinazopambana na kuvu na kuzisukuma seli zifunge jeraha. Ongeza hapo damu nyingi inayopita kwenye mdomo na uvimbe unaotulia mapema, nawe utaelewa kwa nini jeraha la kaakaa hufunga kwa wiki chache bila kuacha kovu la maana, ilhali jeraha la ukubwa uleule mkononi humkumbusha mtu ajali yake maisha yote. Mnyama anapolamba kidonda chake hafanyi upuuzi mtupu, ingawa simshauri mtu yeyote kumwiga.

Majirani nao walileta dawa zao. Shangazi yangu alikuja na mafuta ya karafuu kutoka Unguja, na hakuwa amekosea sana: kiini cha karafuu, eujenoli, hutia ganzi, na kwa miongo mingi kilichanganywa na unga wa zinki kutengeneza ile plasta ya kufunikia fizi zilizopasuliwa. Shida ni kwamba eujenoli tupu huunguza nyama changa, na ndiyo sababu plasta nyingi za siku hizi hutengenezwa bila hiyo. Nilimwambia shangazi kwamba daktari amekataza chochote, nikamtupia daktari lawama zote, nayo chupa ikawekwa kabatini kwa heshima.

Ndugu yangu mmoja mvutaji sigara aliniuliza kama angepona kama mimi. Nilimjibu alichoniambia daktari, kwamba nikotini hubana mishipa midogo ya damu na moshi hudhoofisha seli za kusuka kolajeni, kwa hiyo mvutaji hupata matokeo hafifu kwa upasuaji uleule. Na mwenye kisukari kisichodhibitiwa vivyo hivyo. La ajabu kwangu lilikuwa la mawazo. Mwaka 1998, Phillip Marucha na wenzake huko Ohio waliwatoboa wanafunzi 11 wa udaktari wa meno vidonda vya milimita 3.5 kwenye kaakaa, kila mmoja mara mbili, mara moja wakiwa likizo ya kiangazi na mara nyingine siku tatu kabla ya mtihani. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichelewa kupona kwa wastani wa siku tatu, yaani asilimia 40 zaidi, na hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyepona upesi wakati wa mtihani kama alivyopona likizoni. Nilipousoma, nilimwomba mkuu wangu wa kazi anisogezee mbele tarehe ya kufunga hesabu za robo mwaka. Alicheka, lakini alisogeza.

Siku ya kumi nyuzi zilitolewa. Ufizi ulikuwa wa waridi, umelala vizuri, hauna uvimbe wala maumivu, na mtu yeyote angesema umepona. Mimi nilisema hivyo. Jioni ile, njiani kutoka kituoni, nilinunua muwa uliokatwakatwa, nikautafuna kwa meno yote kama mtu aliyeachiwa huru. Kufika nyumbani mate yalikuwa mekundu, na nyuma ya gego kingo ya ufizi ilikuwa imeinuka kidogo, kama bahasha iliyofunguka kona.

Asubuhi daktari hakunigombeza. Alinichorea. Wiki ya kwanza, alisema, ngozi imefunga juu na bonge la damu limegeuka nyama changa. Wiki ya pili kolajeni ndiyo kwanza inaonekana, nayo imelala sambamba na jino, haijashika kitu. Ufizi unaonekana karibu wa kawaida kabisa, na bado muungano wake na jino ni dhaifu. Mwezi wa kwanza ukiisha, hapo ngozi ya ndani ya kijifereji imekamilika na nyuzinyuzi zinaanza kukaa mahali pake. Mfupa, kama utajijaza hata kidogo, ni habari ya miezi sita na kuendelea. Alinyoosha kidole kwenye wiki ya pili katika mchoro wake. "Hapa ndipo wagonjwa wangu wote wanapokula mahindi ya kuchoma," alisema. Aliubana ufizi kwa kitambaa, dakika nyingi kuliko mara ya kwanza, akanirudisha kwenye uji kwa wiki mbili.

Hakupima kwa kile kichuma mpaka mwezi wa tatu. Hiyo nayo ni sheria yao, kwa kuwa kichuma kikiingizwa mapema huchana kilekile kinachojengwa. Siku ya kupimwa nilikwenda mapema, nikakaa barazani na glasi ya maji baridi waliyonipa, nikanywa funda moja na kuruka: uvimbe ulipoondoka ufizi ulishuka, mizizi ya magego ikabaki wazi kidogo, na baridi sasa hufika kwenye jino moja kwa moja. Nilikuwa nimeonywa. Meno yangu ya upande ule yanaonekana marefu zaidi kuliko ya upande wa pili, jambo ambalo kwenye magego halimsumbui mtu, ila kwenye meno ya mbele linastahili kuulizwa kabla ya kusaini karatasi.

Kisha taa, kioo, kichuma. Tatu, mbili, tatu. Mbili, tatu, tatu. Msaidizi alikuwa yuleyule, na alipofika kwenye mstari wa gego langu nilimwona akitazama namba ya zamani kabla ya kuandika mpya.

"Tatu, tatu, nne," alisema daktari. Akarudisha kichuma mahali pale pale pa muwa, akapima tena, taratibu. "Nne. Haitoki damu."

Nimepangiwa kurudi kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa huo ndio muda ambao bakteria huchukua kurudi chini ya ufizi kwa idadi ya maana. Ile nne ameizungushia duara jekundu.